GARY KILDALL NA WATAFSIRI WA MASHINI NDOGO



Katika ukurasa huu wa maisha ya watu tumezoea kusoma juu ya wafalme, waganga na wasafiri. Mara hii sisi wa darasa la sita tumechagua fundi. Jina lake ni Gary Kildall, Mmarekani, aliyezaliwa mwaka 1942 na kufa mwaka 1994. Kwa watu wa kompyuta jina hilo ni kubwa, lakini mara nyingi linatajwa kwa kuchekwa: eti ndiye aliyekwenda kurusha ndege yake siku wakubwa wa IBM walipobisha mlangoni, na hivi akaacha mali yote iende kwa Bill Gates. Tumeisoma hadithi hiyo na haikutupendeza. Ni fupi mno, tena inaanzia mwishoni.

Kuko sababu nyingine ya kumchagua. Kila mwaka hapa shuleni wale wanaopenda informatike wanaanza ugomvi uleule: tuanze na lugha gani? Mmoja anataka BASIC, mwingine Pascal, wa tatu anasema hizo zote zimezeeka. Wanagombana kama watu wa timu mbili za mpira. Na mashini zenyewe ni chache, umeme wake ni wa paneli za jua, mvua ya Mpofi ikikaa siku mbili basi hakuna kitu. Mtu aliye na saa 1 ya mashini kwa juma hawezi kuchagua ovyo. Kildall alitumia maisha yake yote ndani ya swali hilo, wakati mashini ndogo zilikuwa zinazaliwa.

Kwanza tueleze kidogo kwa wadogo wetu. Kompyuta, ile tunayoita hapa ordinatere, haisikii Kifaransa wala Kiingereza. Inasikia 0 na 1 tu. Mtu akiiandikia kwa maneno, lazima awepo wa kugeuza maneno hayo. Na kuna namna mbili za kugeuza, nasi sote tunazijua tangu utoto.

Namna ya kwanza ni ya mkalimani kanisani. Mhubiri anasema sentensi moja kwa Kiswahili, mkalimani anaisema kwa Kihunde ao kwa Kinyanga, kisha inafuata sentensi ya pili. Mhubiri akirudia neno lake mara 10, mkalimani naye anatafsiri mara 10. Faida iko: kosa linasikika palepale, na mhubiri anaweza kusahihisha. Lakini mahubiri ya nusu saa yanakuwa ya saa nzima, na mkalimani hawezi kutoka. Kiti chake kinashikwa mpaka mwisho. Namna ya pili ni ya kitabu. Watu wanakaa chini, wanatafsiri kitabu chote, kinapigwa chapa, kisha msomaji anakisoma mbio, peke yake, bila mtu katikati. Hapa kazi ni ndefu mbele ya kusoma, na kosa moja likionekana inafaa kurudi kwa wapiga chapa. Katika kompyuta yule wa kitabu anaitwa kompilatere. Sisi tutamwita mtafsiri, na yule wa kwanza tutamwita mkalimani, kusudi tusichanganye.

Basi Kildall alikuwa mtu wa watafsiri.

Alizaliwa tarehe 19 Mei 1942 Seattle, mji wa bandari kaskazini-magharibi mwa Marekani. Jamaa yake walikuwa na shule ya kufundisha mabaharia, iliyoanzishwa na babu yake. Huko watu walijifunza kuongoza meli kwa kutazama nyota na kupiga hesabu ndefu. Baba yake alikuwa na ndoto ya mashini ndogo ambayo mtu angezungusha mkono wake na kupata jibu la hesabu hizo. Ndoto hiyo ilibaki katika kichwa cha mtoto. Shuleni Kildall hakuwa mwanafunzi wa mbele (tunaandika haya kwa furaha ya wengi), ila mikono yake ilipenda magari, redio na kila kitu chenye skrubu. Baadaye alifundisha katika shule ile ya jamaa, akaona kazi ya kufundisha ni nzuri. Akaingia Chuo Kikuu cha Washington na shabaha ya kuwa mwalimu wa hesabu.

Huko akakutana na kompyuta, na hesabu zikapata mshindani. Mashini za wakati ule zilijaza chumba. Mwanafunzi aliandika programu yake kwa kutoboa karata, akazipeleka kwa wenye mashini, akangoja. Kildall alikuwa analala huko kwenye mashini kuliko nyumbani, na mke wake Dorothy, aliyemwoa mwaka 1963, alivumilia. Ilipofika zamu yake ya kutumika katika jeshi la majini, aliwekwa kuwa mwalimu katika shule kubwa ya maofisa wa majini iliyo Monterey, California. Kwa hiyo miaka ya vita vya Vietnam aliipitisha mbele ya ubao, na chaki mkononi.

Mwaka 1972 alipata udaktari katika Chuo Kikuu cha Washington. Kazi aliyoandika ilihusu watafsiri: namna mtafsiri anavyoweza kuitengeneza vizuri programu mbele ya kuitoa. Mwaka 1973 akachapisha makala ambayo mpaka leo wanaosoma sayansi hiyo wanaisoma. Wazo lake tunaweza kulieleza hivi. Mtafsiri anataka kujua, katika kila pahali pa programu, ni mambo gani yamekwisha kujulikana, kusudi mashini isipige mara ya pili hesabu iliyokwisha kupigwa. Lakini njia za programu zinapinda na kurudi. Ni kama kiranja anayezunguka madarasa na habari: anatoa habari darasa hili, anachukua nyingine, anapita kwa jirani, anarudi tena, mpaka afanye mzunguko mzima bila kupata habari mpya. Hapo anajua amemaliza. Kildall alionyesha kwa hesabu kwamba mzunguko huo una mwisho na jibu lake ni la kuaminika. Ni jambo la watu wa karatasi, na angeweza kubaki huko, profesa mwenye heshima na mshahara mdogo.

Lakini mwezi wa Novemba 1971 kampuni Intel ilikuwa imeanza kuuza kitu kipya: akili ya kompyuta nzima ndani ya kipande kidogo kuliko ukucha, jina lake 4004. Intel wenyewe walifikiri ni kitu cha kutia ndani ya mashini za hesabu na taa za barabarani. Kildall alikiona akakumbuka mashini ya baba yake. Hakuwa na fedha za kununua vyombo vyote vya kuijaribu, basi aliandika programu katika kompyuta kubwa ya shule ambayo ilijifanya kuwa 4004. Alipoipeleka kwa Intel, walistaajabu, wakampa kazi siku ambazo hafundishi. Kutoka Monterey mpaka Intel ni mwendo mrefu wa gari, naye akawa anaufanya kila juma.

Huko Intel alikuta watu wanaandika programu kwa lugha ya mashini yenyewe, kila hatua moja moja, kama mtu anayehesabu punje za maharagwe ya gunia zima. Kosa moja linakula siku mbili. Kildall aliwaambia afadhali wawe na lugha ya watu. Wakakubali, naye akaandika PL/M, iliyotoka mwaka 1973. Hiyo ilikuwa lugha ya kwanza ya namna hiyo, pamoja na mtafsiri wake, kwa ajili ya akili hizi ndogo. Lakini iko jambo la kuchekesha: mtafsiri wa PL/M hakuweza kukaa ndani ya mashini aliyoitafsiria. Alikuwa mnene mno. Alikaa katika kompyuta kubwa, ameandikwa kwa Fortran, akatoa matokeo, na matokeo yakapelekwa kwa mashini ndogo. Yaani kitabu kilitafsiriwa mjini, kikabebwa mpaka kijijini.

Kildall hakupenda utumwa huo. Alitaka mashini ndogo ijitegemee, itafsiri yenyewe. Kikwazo kilikuwa pahali pa kuweka vitu. Mashini ilitunza programu kwenye utepe wa karatasi wenye matundu, polepole sana. Akapata chombo kipya cha disketi cha kampuni Shugart, akakaa nacho kwa muda mrefu bila kuweza kukiunganisha, kwa sababu yeye alikuwa mtu wa programu na si wa nyaya. Rafiki yake John Torode ndiye aliyetengeneza kiungo. Kisha Kildall akaandika, kwa PL/M yake mwenyewe, programu ya kuongoza disketi: kufungua faili, kulifunga, kulipa jina. Ndiyo CP/M, ya mwaka 1974. Iliyozaliwa kama mtumishi wa kumsaidia mtafsiri ikawa kubwa kuliko bwana wake. Aliwaonyesha Intel, hawakuona faida yake, ijapokuwa PL/M walikuwa wameinunua.

Basi yeye na Dorothy wakafungua kampuni yao katika mji wa Pacific Grove, karibu na bahari. Kwanza waliiita Intergalactic Digital Research, jina la majivuno kidogo, kisha likabaki Digital Research. Dorothy ndiye aliyeshika hesabu, barua na wateja. Mwaka 1977 kampuni IMSAI ilinunua haki ya kutumia CP/M kwa dola 25,000. Katika siku hizo Kildall alifanya jambo ambalo sisi tunaliweka juu ya mengine yake yote ya biashara: alitenga sehemu moja ndogo ya CP/M, akaiita BIOS, na kuweka humo mambo yote yanayohusu mashini hii ao ile. Kumbe tangu hapo mwenye mashini ya namna nyingine aliandika sehemu hiyo ndogo tu, na zile zingine zote zilitembea bila kuguswa. Kabla ya hapo mwandishi wa programu alipaswa kuandika upya kwa kila mashini. Kufika mwaka 1981 nakala za CP/M zilizouzwa zilipita laki mbili.

Sasa ndipo uchaguzi wa lugha ulipokuwa jambo la watu wengi. Fikirini mtu mwenye duka mwaka 1980, amenunua mashini ya CP/M yenye kumbukumbu ya KB 64. Hesabu hiyo ni herufi kama 65,000, yaani kurasa 26 hivi za gazeti letu hili, basi. Ndani ya kurasa hizo lazima zikae CP/M, lugha, programu na hesabu za duka. Achague nini?

Wengi walichukua BASIC ya Microsoft. Ilikuwa mkalimani: unaandika mstari, inajibu palepale. Mtoto aliweza kuanza nayo jioni moja. Lakini mkalimani anakula nafasi saa zote, na kazi ndefu ilitembea kama lori ya ndizi kwenye matope ya barabara ya Walikale.

Kulikuwa pia CBASIC. Hii ilitoka darasani kwa Kildall mwenyewe. Mwanafunzi wake mmoja, ofisa wa majini Gordon Eubanks, aliandika BASIC-E kama kazi yake ya kumaliza masomo mwaka 1976, na baadaye akaifanya kuwa CBASIC. Ilishika njia ya katikati: programu ilitafsiriwa kwanza kuwa lugha fupi ya kati, kisha mkalimani mwepesi akaisoma hiyo. Haikuwa ya mbio sana. Wafanyabiashara waliipenda kwa sababu mbili ambazo mtu wa mbio hazioni. Ya kwanza ni senti. Mashini inayohesabu kwa 0 na 1 haiwezi kuandika sehemu moja ya kumi kwa ukamilifu, kama vile sisi hatuwezi kumaliza kuandika 1 kugawanya kwa 3. Ukijumlisha malipo maelfu, senti zinapotea ao zinaongezeka. CBASIC ilihesabu kwa makumi, tarakimu 14, sawa na karani. Ya pili, mwenye kuandika programu aliweza kuiuza katika lugha ile ya kati, bila kumwonyesha mnunuzi maandishi yake. Tena haikulazimisha namba kwenye kila mstari. Mwaka 1981 Digital Research iliinunua kampuni ya Eubanks, na pia ikanunua Pascal/MT+, mtafsiri kamili wa Pascal aliyetoa lugha ya mashini moja kwa moja.

Na Kildall mwenyewe alipenda nini? Hapa ndipo tunaona moyo wake. BASIC hakuipenda, aliona inamfundisha mtu kuandika ovyo. Aliyoipenda ni PL/I, lugha kubwa iliyotoka kwa IBM katika miaka ya 1960, ndugu wa PL/M yake. Alitaka kuonyesha kwamba lugha ya mashini za chumba kizima inaweza kukaa katika mashini ya mezani. Akajifungia na kazi hiyo, na mwaka 1980 PL/I-80 ikatoka. Mafundi waliisifu. Mtafsiri alikuwa safi, wa kazi ya daktari kweli. Lakini wanunuzi hawakuwa wengi: mwenye duka hakutaka lugha kubwa, alitaka hesabu yake ya jioni.

Na nje, wakati Kildall ameinama juu ya PL/I, dunia ilikuwa imehama. Intel ilikuwa imetoa akili mpya, 8086, mwaka 1978. Kampuni moja ya Seattle, Seattle Computer Products, ilikuwa na mashini ya 8086 tayari, ikangojea CP/M ya akili hiyo. Haikufika. Mfanyakazi wao Tim Paterson alichoka kungoja, akaandika yake mwaka 1980, yenye kufuata CP/M kwa namna programu zinavyoiita. Sisi tunasema, tena tuko tayari kubishana na mtu yeyote: mlango ulifunguka hapo, wala si siku ya ndege.

Mwaka huohuo IBM waliamua kutengeneza kompyuta ndogo. Walikwenda kwanza kwa Microsoft. Kwa nini Microsoft? Kwa sababu walitaka lugha! Microsoft ya wakati ule ilikuwa duka la lugha: BASIC, Fortran, COBOL. Mfumo wa kuongoza mashini haikuwa nao, ndipo Gates akawatuma kwa Kildall. Siku walipofika Pacific Grove, Kildall alikuwa amerusha ndege yake kwenda kwa mteja, kwa kazi, si kwa mchezo. Dorothy na mwanasheria walikataa kutia sahihi haraka karatasi ya siri ambayo IBM waliiweka mezani, karatasi iliyofunga upande mmoja tu. Watu walioshuhudia wanatofautiana juu ya yale yaliyofuata, nasi hatutaamua kutoka huku Mpofi. Yanayojulikana ni haya: mapatano hayakupatikana, IBM wakarudi kwa Microsoft, na Microsoft ikanunua ile kazi ya Paterson. IBM PC ilitokea tarehe 12 Agosti 1981. Kildall alilalamika kwamba mfumo huo unafanana mno na wake. IBM wakakubali kuuza CP/M-86 pia. Lakini walipanga bei: mfumo wa Microsoft dola 40, CP/M-86 dola 240. Ninyi mngechukua upi?

Hivi muuza lugha akawa bwana wa mifumo, na bwana wa mifumo alikuwa ameshughulika na lugha. Tumezunguka jambo hilo mara nyingi katika mazungumzo yetu ya usiku.

Pigo la pili lilitoka upande wa watafsiri wenyewe. Mwezi wa Novemba 1983 kampuni Borland, ya Mfaransa Philippe Kahn, ilianza kuuza Turbo Pascal. Aliyeandika mtafsiri wake ni kijana wa Denmark, Anders Hejlsberg. Bei ilikuwa dola 49.95, wakati watafsiri wengine wa Pascal, hata yule wa Digital Research, waliuzwa kwa mia kadhaa ya dola. Na si bei tu. Watafsiri wa zamani walisoma disketi, wakaandika disketi, wakasoma tena. Mtu aliweza kwenda kunywa chai. Turbo ilifanya kila kitu ndani ya kumbukumbu, na pahali pa kuandikia palikuwa ndani yake. Kosa likionekana, ilikurudisha kwenye mstari wenye kosa. Yaani ilikuwa na mbio ya kitabu na wepesi wa mkalimani pamoja. Toleo lake la 3 lote lilikuwa faili la KB 40 hivi. Ilitembea hata kwenye CP/M ya Kildall. Katika ugomvi wetu wa shule, wale wa Pascal wanaweza kutumia habari hii. Wale wa BASIC watatafuta yao.

Kildall naye hakukaa kulia. Aliona watoto wanaanzishwa kwa BASIC, akataka wapewe Logo, lugha ya kuongoza kobe anayechora. Digital Research ikatoa Dr. Logo, na ilipofika mwaka 1985 kompyuta za Amstrad za Uingereza zenye disketi ziliuzwa pamoja nayo na CP/M. Tunafikiri hapo aliongea yule mwalimu wa hesabu ambaye hakuwa. Tangu mwaka 1983 mpaka 1990 alionekana katika televisheni akisaidiana na Stewart Cheifet kuwaeleza watu habari za kompyuta. Anazungumza polepole, bila kujisifu. Mwaka 1985 kampuni yake nyingine ilitia kitabu kizima cha maarifa cha Grolier ndani ya sahani moja ya CD, wakati wengi hawakujua sahani hiyo inafaa nini nje ya muziki.

Nyumbani mambo hayakwenda vizuri. Yeye na Dorothy waliachana mwaka 1983. Mwaka 1991 Digital Research ikauzwa kwa Novell. Alipata fedha nyingi, magari, ndege, lakini kila pahali alipokwenda waliuliza juu ya siku moja tu ya mwaka 1980. Hata chuo chake cha Seattle kilipofanya sikukuu ya idara ya kompyuta mwaka 1992, aliyealikwa kusema mbele ya watu ni Gates, ambaye hakusoma hapo. Neno hilo lilimuuma. Aliandika kitabu cha maisha yake, akawapa jamaa na rafiki, hakukitoa. Pombe nayo ilimshika katika miaka ile ya mwisho. Mwezi wa Julai 1994 alianguka katika nyumba ya kinywaji huko Monterey na kuumia kichwa. Siku 3 baadaye, tarehe 11, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 52. Alizikwa Seattle.

Mwaka 1995 chama cha wachapishaji wa programu cha Marekani kilimheshimu kwa kazi zake. Mwaka 2016 watoto wake walitoa sehemu ya kwanza ya kile kitabu. Sehemu za mwisho walizizuia, wakaeleza kwamba hazikumwonyesha baba waliyemjua. Mbele ya ile nyumba ya Pacific Grove liko bamba la shaba tangu mwaka 2014, linalotaja CP/M na BIOS.

Mtu akifungua leo mashini yoyote ya zile zetu, ndani ataona vipande vyenye tantalumu, ile inayotoka katika koltani kama ya Rubaya hapa Masisi, na bati la kuunganishia, kama lile la Bisie kule Walikale. Hayo macho yanaona. Njia ya Kildall ya mwaka 1973, ile ya kiranja anayezunguka mpaka habari ziishe, haionekani, lakini watafsiri wa siku hizi bado wanazunguka hivyo kila mara mtu anapobonyeza. CP/M yenyewe, tangu mwaka 2001 wenye haki waliruhusu inakiliwe bure, na iko na programu ndogo za kuiga mashini ya KB 64 ndani ya mashini mpya. Wanaotaka kuijaribu wakati wa pumziko waandike majina yao kwa kiranja, na siku yenye jua tutaanza.

Kiranja wa wanafunzi, darasa la sita, Mpofi